Kaka yetu mkubwa anauza parseli ya marehemu baba: je, tribinali inaweza kumsimamisha?

Ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, mshonaji wa nguo, na nakaa katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Nakuandikia kwa ajili ya parseli, yaani kiwanja, ya marehemu baba yetu iliyoko Katuba, ambamo mama yetu anaishi hadi leo. Baba alifariki mwaka 2019 bila kuacha wosia. Parseli hiyo aliinunua akiwa tayari amefunga ndoa na mama mbele ya serikali, lakini sertifika ya usajili imeandikwa jina lake peke yake.

Tumebaki watoto sita. Wanne ni wa mama yetu, na wawili baba aliwazaa na mama mwingine anayekaa Ruashi, akawatambua mbele ya ofisa wa hali ya raia akiwa bado hai. Wa mwisho kati ya hao wawili ana miaka 15. Kwa miaka yote hii hatukugawana chochote. Mama anakaa katika nyumba kubwa, na nyuma yake kuna vyumba vinne vya kupangisha. Yaya wetu mkubwa, yaani kaka yetu wa kwanza, anapokea kodi ya vyumba viwili, na mimi napokea ya viwili vingine, kwa makubaliano kwamba ya kwangu itanunua dawa za mama za presha. Kweli nazinunua, ingawa sijawahi kuandika hesabu.

Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, mama alinipigia simu kwamba kuna watu wanapima ua kwa kamba. Nilipofika nilikuta matofali ya kuchoma yamepangwa hadi chini ya dirisha la chumba chake, mifuko ya saruji imefunikwa kwa turubai, na mstari wa chokaa umepita katikati ya ua, ukigusa shina la mwembe ambao baba aliupanda nikiwa bado shule ya msingi. Mama alikuwa amekaa mlangoni, kitenge mabegani, hasemi neno. Yaya akaniambia kwamba amempata mnunuzi wa nusu ya mbele inayotazama barabara, kwamba amekwisha pokea malipo ya kwanza, na kwamba yeye, kwa kuwa ni mkubwa, ndiye baba sasa. Akanionyesha muhtasari wa baraza la familia wenye sahihi tatu: yake, ya mdogo wangu wa kiume, na ya baba mdogo mmoja. Mimi sikuitwa, mama hakuitwa, na wale wa Ruashi hata hawajui. Sertifika ya baba iko kwake. Wapangaji wameambiwa watoke mwisho wa mwezi.

Mwenzangu mmoja sokoni ameniambia kwamba tribinali inaweza kutoa amri ya kuzuia. Watu wa familia wanasema mwanamke anayemfikisha kaka yake tribinali amevunja ukoo. Naomba uniambie: amri hiyo ipo? Naiomba wapi, na inadumu muda gani? Watoto wa Ruashi wana haki sawa na sisi? Na je, kama mnunuzi atawahi kutengeneza sertifika kwa jina lake, tutakuwa tumepoteza?

Mshonaji wa Kenya, Lubumbashi

*

Dada yetu mpendwa,

Ndiyo, tribinali inaweza kusimamisha ujenzi na mauzo hayo, na kwa jinsi ulivyoeleza, una sababu ya kuomba hivyo wiki hii na si mwezi ujao. Lakini kabla ya njia ya kupita, naomba tuelewane juu ya kile unachokiomba, kwa sababu hapo ndipo ndugu wengi wanapopotea, wakarudi nyumbani na karatasi yenye muhuri na ugomvi uleule.

Amri ya zuio haigawi mali. Haisemi nani ana haki na nani hana, na wala haimtoi kaka yako katika urithi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuiacha mali ikae kama ilivyo mpaka hakimu aamue kiini cha mambo: matofali yasipande ukuta, chokaa isigeuke mpaka, na jina lisibadilike katika kitabu cha ardhi. Kwa hiyo usiiombe peke yake. Ombi la zuio lisiloegemea shauri la mgawanyo ni kama mlango uliosimamishwa bila nyumba. Wakili wa upande wa pili atauliza unazuia kwa ajili ya nini, nawe utakosa la kujibu. Shauri lako kubwa liwe ni kuiomba tribinali isimamie mgawanyo wa mirathi ya baba yenu na imthibitishe au imbadilishe msimamizi wake. Ndani ya shauri hilo, uombe kwamba hakimu, kabla ya kuingia katika kiini, aamuru kwa hukumu ya awali kwamba kazi zote na mauzo yote yasimame.

Sasa neno la kaka yako kwamba yeye ndiye baba. Amechukua jambo la kweli akalivuta kupita kimo chake. Sheria ya familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba pasipokuwa na wosia, mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote, au yule aliyechaguliwa na wenzake kama huyo amekataa, ndiye anayekabidhiwa kazi ya kusimamia mirathi, yaani yule tunayemwita likidateri. Lakini msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kuorodhesha vitu, kulipa madeni ya marehemu, kutunza kilichobaki, kuandaa mgawanyo, na kutoa hesabu kwa warithi wote. Tena sheria hiyohiyo inampa hakimu uwezo wa kumweka mtu mwingine kukiwa na upinzani mzito. Ukubwa wa kaka yako unampa mzigo wa kuwajibika kwenu, na nina hakika hakuna aliyewahi kumweleza hivyo kwa upole.

Tuhesabu basi, kwa sababu hesabu ndiyo itakayozungumza vizuri kuliko hasira. Wazazi wenu walifunga ndoa ya serikali. Kama hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali, sheria inawahesabu kuwa katika ushirika wa mali zilizochumwa ndani ya ndoa, na parseli umesema ilinunuliwa wakiwa wameoana. Maana yake ni kwamba nusu ya parseli hiyo ni ya mama yenu mwenyewe, hata kama jina lake halimo katika sertifika, na nusu hiyo haigusiki na mirathi hata kidogo. Kinachorithiwa ni nusu ya baba. Katika nusu hiyo, watoto hupokea robo tatu na kugawana sawasawa; robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo mama yenu yumo tena, pamoja na wazazi wa marehemu kama wako hai, na ndugu zake. Robo tatu ikigawanywa kwa watoto sita, kila mmoja ana sehemu 1 katika 8 ya nusu ya baba, yaani 1 katika 16 ya parseli nzima. Huyo anayeuza nusu ya mbele anashika, kwa hesabu hii ya watoto, sehemu 1 katika 16. Mwandikie hesabu hiyo kwenye karatasi na umpe mkononi, bila maneno mengine.

Umeuliza habari za watoto wa Ruashi. Kwa kuwa baba aliwatambua akiwa hai, wamo katika kundi la kwanza pamoja nanyi, na sehemu yao ni sawa na yenu. Tafadhali, dada, usiwaache nje ya shauri hili kwa kuwaona kuwa ni wa nyumba ya pili. Nasema hivyo si kwa sababu ya haki peke yake, ingawa ingetosha. Mgawanyo uliofanywa bila warithi wawili ni mgawanyo unaoweza kubomolewa nao siku yoyote watakapopata habari, na aliye na miaka 15 bado hawezi kutia sahihi ya kuuza urithi wake wala mtu yeyote hawezi kuitia kwa niaba yake kirahisi. Mtembelee mama yao. Mwambie ukweli. Kama watoto hao watatajwa katika hati yako ya kuita mbele ya tribinali, muhtasari wa sahihi tatu alio nao kaka yako utaonekana ulivyo: baraza lililowakusanya wachache likajiita familia.

Na kuna mama. Katika barua yako amekaa mlangoni, na naona hata wewe umemweka pembeni kidogo ya mambo, kama mtu anayesubiri watoto wamalize. Zaidi ya nusu yake, sheria inampa mjane haki ya kuishi katika nyumba waliyoishi na mumewe na kutumia vyombo vyake. Haki hiyo haitegemei huruma ya mtoto yeyote. Hakimu akisikia kwamba matofali yamefika chini ya dirisha la mjane mwenye presha, ambaye hakuitwa katika kikao wala hakutia sahihi, dharura itakuwa imejieleza. Kwa hiyo mdai wa kwanza katika shauri awe mama mwenyewe, kama anakubali na nguvu zinamruhusu. Wewe usimame pamoja naye. Hapo hata lile neno la dada kumshitaki kaka litapungua ukali, kwa maana atakayekuwa anazungumza ni mwenye nyumba.

Nije kwenye ardhi na mnunuzi, maana hofu yako hapo ni ya haki. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, haki juu ya kiwanja huthibitishwa na sertifika ya usajili. Karatasi ya mauzo na risiti ya malipo ya kwanza vinamfunga kaka yako na mnunuzi wake. Havijaondoa kitu katika jina la baba. Lakini siku mnunuzi atakapopata sertifika kwa jina lake, saa itaanza kuhesabu: ikipita miaka 2, sertifika hiyo haitikisiki tena, na aliyepoteza hubaki kudai fidia ya pesa tu. Nimesoma barua za watu walioshinda kwa hoja zote na kushindwa na kalenda. Wewe hujafika huko, kwani jina bado ni la baba. Ndiyo sababu hatua ya kwanza kabisa haiko tribinali bali kwa konsevateri wa hati za ardhi, yaani ofisa anayetunza vitabu vya sertifika, wa eneo ilipo parseli.

Andikeni barua ya kupinga uhamisho wa jina, mama akitia sahihi wa kwanza, mkitaja namba ya sertifika kama mnaijua, au avenue na namba ya parseli kama hamna nakala, mkieleza kwamba mwenye jina amefariki, kwamba warithi ni watoto sita pamoja na mjane, na kwamba hakuna mgawanyo uliofanywa. Ambatanisheni cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Barua iwe nakala mbili, na ile inayobaki kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo ni kama hamkwenda. Barua hii haina nguvu ya hukumu, lakini inamwondolea ofisa uwezo wa kusema hakujua, na inamtoa mnunuzi katika hali ya mtu mwenye nia njema. Nakala nyingine mpelekee mnunuzi huyo, kwa njia ya karani wa mahakama ikiwezekana. Na lile andiko tunaloliona kwenye kuta nyingi za mji wetu, kwamba parseli hii haiuzwi, liandikeni pia ukutani upande wa barabara. Si hati ya sheria, lakini mnunuzi wa pili ataliona kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu tribinali yenyewe: sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 juu ya mahakama inaipa tribinali ya amani mambo ya familia na mirathi, lakini shauri likigusa sertifika ya usajili na kutaka uhamisho uzuiwe au ufutwe, mara nyingi njia ni tribinali ya juu yake, ile ya grande instance. Usichague mlango kwa kubahatisha, kwa sababu kukataliwa kwa kosa la mlango kunakula wiki ambazo huna. Kama huna pesa za avoka, yaani wakili, chama cha maavoka kina ofisi ya ushauri wa bure, na mtu asiye na uwezo anaweza kuomba cheti cha umaskini ili apunguziwe au aondolewe gharama za grefe, yaani ofisi ya karani wa tribinali. Uliza hayo kabla ya kukopa.

Kwa kawaida anayeitwa mbele ya tribinali hupewa siku 8 kamili kati ya kupokea wito na siku ya kusikilizwa. Kwa jambo lenye haraka, sheria ya mwenendo wa madai inaruhusu kumwandikia hakimu ombi ili akubali muda ufupishwe. Ombi hilo ndilo moyo wa kazi ya avoka wako katika siku za kwanza, na litasimama juu ya vitu vinavyoonekana. Piga picha za matofali, za chokaa, za dirisha la mama likiwa ndani ya picha ileile, zikiwa na tarehe. Chukua majina ya wapangaji wanne walioambiwa watoke. Mwombe shefu wa mtaa aje aone na aandike alichokiona. Kisha ombi la zuio liwe fupi na litaje vitendo: kutojenga, kutobomoa, kutouza, kutobadilisha jina, kutowatoa wapangaji mpaka hukumu. Msiombe kaka yako afukuzwe katika parseli, wala akatazwe kuingia kumsalimu mama yake. Anayeomba mengi kuliko anavyohitaji humfundisha hakimu kumtilia shaka katika yale anayohitaji.

Amri ikitolewa, itadumu kwa kadiri ilivyoandikwa, kwa kawaida hadi hukumu ya kiini itoke, na kaka yako ana haki ya kuipinga au kukata rufaa. Ombeni itekelezwe mara moja hata kukiwa na rufaa, na avoka wenu atawaambia kama masharti ya jambo hilo yametimia. Hakikisheni pia kwamba inafikishwa rasmi kwa watu watatu: kaka yako, mnunuzi na konsevateri. Amri iliyobaki ndani ya mkoba wako haimzuii fundi asubuhi ya Jumatatu.

Kuna jambo ambalo sitalificha, kwa kuwa upande wa pili hautalificha. Wewe umepokea kodi ya vyumba viwili tangu baba afariki, na huna hesabu. Nakuamini kuhusu dawa. Hakimu hakujui. Kabla hujatia sahihi kwenye hati yoyote, kaa usiku mmoja na daftari uandike miezi, kodi iliyoingia, na risiti za famasi zile ulizonazo. Pale zisipokuwapo, andika kwa ukweli kwamba hazipo. Kisha useme tangu mwanzo kwamba uko tayari kuiweka kodi hiyo katika hesabu ya mirathi, na umtake kaka yako afanye vilevile kwa vyumba vyake viwili. Omba hata katika zuio kwamba kodi ya vyumba vyote vinne, kuanzia sasa, itunzwe mahali pamoja na isiguswe isipokuwa kwa matunzo ya mama. Ombi linalokubana wewe mwenyewe pia lina uzito ambao ombi la kumbana mwenzako peke yake halina.

Mwisho wa shauri lenyewe hautakuwa lazima mstari wa chokaa. Parseli ya Katuba ikikatwa vipande kwa ajili ya mjane na watoto sita, kila mmoja atapata mahali pa kuegesha baiskeli. Yaelekea mtaishia katika moja ya njia mbili: mmoja au wawili wenu wanunue sehemu za wengine kwa bei iliyokadiriwa na mtaalamu, au parseli ibaki bila kuuzwa maadamu mama yuko hai, kodi ikigawanywa kwa hesabu ya wazi. Kuuza yote na kugawana pesa ni njia ya tatu, lakini kwa haki aliyonayo mama na kwa uwepo wa mtoto wa miaka 15, haiwezi kuwa ya haraka. Inawezekana kaka yako ana shida ya kweli ya pesa ambayo hajaisema. Malipo ya kwanza aliyoyapokea huenda yamekwisha tumika. Kama ndivyo, zungumzeni jinsi ya kumrudishia mnunuzi pesa hiyo na kuikata katika sehemu ya kaka yako siku ya mgawanyo. Mnunuzi aliyerudishiwa pesa yake huondoka kwa utulivu kuliko mnunuzi aliyeshindwa shauri.

Usiite polisi ili kaka yako alazwe ndani usiku mmoja aogope, hata kama kuna atakayekushauri hivyo. Na usiruhusu vijana wa mtaa waondoe matofali. Yaache hapo yalipo, maana ndiyo ushahidi wako. Kesho asubuhi mpeleke mama kwa konsevateri na nakala mbili za barua, cheti cha kifo na cheti chao cha ndoa. Kama cheti cha ndoa kilipotea, pitieni kwanza katika ofisi ya hali ya raia ya komini walikofungia ndoa mkaombe nakala, kwa sababu bila hicho nusu ya mama itakuwa neno tu.